Soriasisi ikiingia kwenye viungo: mwongozo kwa kijana wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kijana wa miaka 24 akisema vidole vyake vimekakamaa hadi anashindwa kufunga vifungo vya shati, nyumbani huambiwa kwamba baridi yabisi ni ya wazee. Akienda zahanati hupimwa brucella, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, na kupewa diklofenaki. Mabaka ya kichwani yanayomwasha tangu kidato cha tatu hayataji, kwani anayajua kama mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, na mashilingi hupelekwa kwa kemisti. Basi ugonjwa mmoja, baridi yabisi ya soriasisi, umegawanywa: nusu inapakwa krimu, nusu inamezewa vidonge vya maumivu, na hakuna aliyeuona ukiwa mzima.

Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inarudia jambo moja: ngozi na viungo visimuliwe pamoja, kwa daktari mmoja, katika kikao kimoja, na mapema.

Baridi yabisi ya soriasisi hutokea kinga ya mwili inapogeuka na kushambulia ngozi, viungo na mahali kano zinaposhikana na mfupa. Hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi, yaani ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, huipata. Kwa wengi ngozi hutangulia, mara nyingi kwa miaka mingi. Kwa wachache viungo huanza. Huwapata zaidi watu wa miaka 30 hadi 50, lakini walio na miaka ishirini na kitu wapo, na watoto pia. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa taulo wala kwa kitanda kimoja. Si chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, wala hakuna mtu aliyemtupia mwenzake. Dawa ya kuumaliza kabisa haipo, ila zipo za kuutuliza hadi mtu akafanya kazi, akasoma na kulea watoto. Wakati ndio mali hapa: utafiti wa Ireland uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata kuchelewa miezi sita kumwona mtaalamu kulienda pamoja na viungo kuharibika zaidi. Kiungo kilicholiwa hakirudi.

Hatua ya 1: Jikague mwili mzima

Picha nyingi za soriasisi ni za ngozi nyeupe: baka jekundu lenye magamba meupe. Kwenye ngozi yetu baka huwa la zambarau, la kahawia iliyokolea au la kijivu, na likipona huacha alama nyeusi kwa miezi. Tazama viwiko, magoti, ukingo wa nywele, nyuma ya masikio, ndani ya kitovu na kwenye mfereji wa makalio. Hizo sehemu za mwisho watu huona aibu kuzitaja, nazo ndizo mara nyingi humpa daktari jibu. Mwenye kusuka au kuvaa wigi amwombe msusi amwangalie kichwa. Kama umepaka dawa ya fangasi kwa wiki nyingi bila nafuu, kuna sababu ya kufikiria kitu kingine.

Kisha kucha. Vijishimo vidogo juu ya kucha, kucha inayoachana na nyama kuanzia nchani, au iliyonenepa na kugeuka rangi, ni dalili muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wengi wenye kucha za namna hiyo huambiwa ni fangasi au ni kazi ya kufua.

Kwenye viungo, angalia mambo haya. Kidole kizima cha mkono au cha mguu kuvimba kama soseji, si kifundo kimoja tu. Maumivu ya kisigino unapokanyaga chini asubuhi. Mgongo wa chini unaokuamsha usiku wa manane na kupoa ukiinuka na kutembea. Kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya dakika 30. Hapo ndipo unapoutenganisha na uchovu wa kazi: mgongo uliochoka kwa kubeba magunia sokoni Kibuye hupoa ukilala, ilhali viungo vya ugonjwa huu huzidi ukikaa kimya na hulainika ukijisogeza.

Mambo mawili hayasubiri miadi. Jicho likiwa jekundu, linauma na haliwezi kustahimili mwanga, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, usinunue matone kwa kemisti. Ugonjwa huu huweza kuwasha uvimbe ndani ya jicho na kuharibu uoni. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla kikiwa cha moto pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo, kwani huenda ni bakteria walio ndani ya kiungo.

Hatua ya 2: Piga picha, andika

Uvimbe una tabia ya kutulia siku ya kliniki. Piga picha kidole kikiwa kimevimba, baka likiwa bichi, kucha ikiwa karibu na dirisha lenye mwanga. Kwenye daftari andika viungo vinavyouma, saa unayoamka na saa unayoweza kukunja ngumi, dawa zote ulizomeza pamoja na za kienyeji, na nani katika ukoo ana mabaka au viungo vibovu. Waulize shangazi na wajomba. Soriasisi hufuata damu, na mara nyingi kuna babu ambaye ngozi yake haikuwahi kupewa jina.

Hatua ya 3: Jua pa kwenda

Anzia kituo kilicho karibu, kwa sababu ya barua ya rufaa. Bila hiyo utazungushwa. Mwombe tabibu aandike waziwazi maneno matatu: soriasisi, viungo kuvimba, kukakamaa asubuhi. Barua iliyoandikwa tu "maumivu ya mwili" haina uzito mezani kwa daktari bingwa.

Ukiwa Kisumu, Siaya au Vihiga, hospitali kubwa ya umma ni Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia. Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ya zamani ya mkoa, ambayo wazee hadi leo huiita PGH. Kakamega na Kisii zina hospitali zao za rufaa, na Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyo ya ngazi ya 6. Madaktari waliobobea katika magonjwa ya viungo vya namna hii ni wachache sana nchini, na wengi wako Nairobi. Kwa hiyo upande wetu atakayekushika ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, akisaidiana na daktari wa ngozi. Usivunjike moyo kwa hilo. Bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kuanzisha dawa na kukufuatilia vizuri. Mtaalamu wa Nairobi unaweza kumwona mara moja, akaandika mpango, na mpango huo ukafuatwa karibu na nyumbani.

Kabla ya kupanda matatu, uliza kliniki ya magonjwa ya ndani na ile ya ngozi ziko siku gani. Kliniki hizi huwa na siku zake, na anayetoka Bondo au Molo bila kuuliza hupoteza nauli bure. Mwenye bima ya kazini au akiba kidogo anaweza kumwona bingwa hospitali ya kibinafsi mara moja, kama vile Aga Khan ya Kisumu, kisha aendelee hospitali ya umma na barua yake mkononi. Kwa maoni yangu hiyo ni njia nzuri ya kutumia pesa kidogo: lipia ushauri wa mwanzo, usilipie kila ziara.

Ndani ya chumba, dakika ni chache. Anza na kiini:

"Daktari, nina mabaka kichwani na kwenye viwiko tangu nikiwa sekondari. Miezi minne sasa vidole hivi vinavimba, na asubuhi nakaa karibu saa nzima kabla ya kukunja ngumi. Kucha zangu ni hizi. Je, inaweza kuwa baridi yabisi ya soriasisi?"

Kuuliza hivyo si kumfundisha daktari kazi. Unamwekea mezani vitu viwili ambavyo vingemfikia kwa siku tofauti. Kama una mama au kaka aliyeandamana nawe, mwombe akumbushe unachosahau, lakini wewe ndiye useme. Ukishatimiza miaka 18 ni mwili wako na ni uamuzi wako.

Hatua ya 4: Vipimo, na visivyoweza kusema

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Kile cha baridi yabisi ya kawaida, kinachotafuta kingamwili iitwayo "rumatoidi fakta", kwa wengi wetu hurudi hasi. Usikubali hasi hiyo iwe mwisho wa mazungumzo. Vipimo vya uvimbe mwilini, ESR na CRP, navyo huweza kuwa vya kawaida wakati kidole kimevimba kabisa. Eksirei ya mikono na miguu hupigwa ili kuwe na picha ya kulinganisha baadaye. Mwanzoni huwa safi. Daktari huamua kwa kuunganisha ngozi, kucha, viungo na historia ya ukoo.

Watu wengi hapa wameshatibiwa brucella mara mbili tatu. Brucella ipo kweli, hasa kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, lakini utafiti uliofanywa katika vituo vya afya magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipimo cha haraka kinachotumika sana kilikuwa kikitoa majibu chanya yasiyo ya kweli kwa wingi. Ukiwa umemaliza dozi na vidole bado vinavimba, uliza kwa heshima: brucella inaelezaje kucha zangu? Vivyo hivyo kwa gauti, ugonjwa wa viungo unaotokana na asidi ya yuriki. Asidi ya yuriki huweza kupanda kwa mwenye soriasisi pia, kwa hiyo namba pekee haitoshi kukukataza nyama na kukurudisha nyumbani.

Kubali kupimwa virusi vya UKIMWI. Maambukizi hayo huweza kuamsha soriasisi na kuifanya kali ghafla, na dawa za kuyadhibiti husaidia ngozi pia. Utapimwa pia homa ya ini aina ya B na C na, kabla ya baadhi ya dawa, kifua kikuu.

Hatua ya 5: Dawa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huumia wakidhani wanapona.

Ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni hupunguza maumivu na kukakamaa. Hazizuii mfupa kuliwa. Zikinywewa kila siku kwa miezi bila usimamizi huchoma tumbo na kuumiza figo. Ikiwa umefika mahali unanunua diklofenaki kila wiki, hiyo yenyewe ni sababu ya kurudi kliniki.

Methotreksati ndiyo dawa inayoanziwa mara nyingi, na bei yake si ya kutisha. Hutuliza ngozi na viungo kwa pamoja. Inanywewa MARA MOJA KWA WIKI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi: watu duniani wamekufa kwa kuimeza kila siku. Chagua siku, tuseme Ijumaa, iandike kwenye pakiti, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Vidonge huja vya miligramu 2.5 na vya 10, kwa hiyo kila unapobadilishiwa pakiti soma namba kabla ya kuhesabu. Hupewa pamoja na asidi ya foliki, kwa siku ambayo daktari ataeleza, ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Nafuu huja polepole, wiki 6 hadi 12, na wengi huiacha katika wiki ya nne wakisema haifanyi kazi. Vumilia.

Damu, ini na figo hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki chache mwanzoni, halafu kila miezi miwili mitatu. Pombe iache kabisa, au kama huwezi mwambie daktari ukweli, iwe bia au chang'aa. Ini ndilo linalolipa.

Onyo lenye uzito wa pekee huku kwetu: methotreksati haipatani na Septrin, ile antibiotiki. Dawa hizo mbili zikikutana huweza kuua uboho unaotengeneza damu. Septrin hununuliwa kwa kemisti kama peremende, hivyo kila unaponunua dawa ya kikohozi au ya mkojo sema, "Natumia methotreksati." Fansidar, dawa ya malaria, nayo iepuke. Malaria ipimwe, isikisiwe, na lala ndani ya neti. Ukipata homa, vidonda mdomoni, kikohozi kikavu na kushindwa kupumua, au michubuko isiyo na sababu, usimeze dozi ya wiki hiyo kabla hujaonwa.

Kwa dada zangu: methotreksati huharibu mimba. Panga uzazi ukiwa unaitumia, na ukitaka mtoto ongea na daktari mapema, kwani kwa kawaida huachwa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu, kabla ya kushika mimba. Sulfasalazini ni njia mbadala inayotumika hata wakati wa ujauzito. Kwa wanaume sulfasalazini hupunguza mbegu kwa muda, na ikiachwa mbegu hurudi. Aliyewahi kuvimba au kubabuka kwa Septrin au Fansidar asianze sulfasalazini kabla ya kusema hivyo. Leflunomaidi ipo pia, lakini hukaa mwilini muda mrefu sana na haimfai anayepanga mimba karibuni.

Dawa hizi zikishindwa kuna sindano za kisasa, kama adalimumabu, etanasepti na sekukinumabu. Zimebadilisha maisha ya watu wengi, ila bei yake iko mbali na mfuko wa wengi wetu. Kabla ya kuanza lazima kifua kikuu na homa ya ini aina ya B vitafutwe, kwani dawa hizi huweza kuviamsha. Uliza kama kuna zile za kampuni nyingine zinazofanana nazo kwa bei ya chini, na kama bima yoyote itachangia.

Sasa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Sindano ndani ya kiungo kimoja, ikichomwa na daktari, ni sawa. Ila dexamethasoni na predinisoloni zinazotolewa kila maumivu yanapokuja ni mtego: unainuka siku ya pili kama hujawahi kuugua, kisha zikikatwa ghafla soriasisi hulipuka, wakati mwingine kwa usaha mwili mzima. Unga wa "mitishamba" unaoondoa maumivu kwa siku moja nao utilie shaka. Kote duniani dawa za aina hiyo zimepatikana zimechanganywa na steroidi kisiri. Mwili wako unastahili kujua umemeza nini. Na ukipewa haidroksiklorokwini, kumbusha kwamba una soriasisi, maana huweza kuichochea.

Hatua ya 6: Mwili kati ya ziara

Omba upelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Atakuonyesha mazoezi ya vidole, visigino na mgongo ya kufanya nyumbani. Tembea kila siku hata kidogo. Kupunguza uzito, kwa aliye mnene, husaidia dawa kufanya kazi. Sigara iache. Chakula cha miujiza hakipo. Omena, sukuma wiki na maharagwe vinatosha, na asikwambie mtu ununue virutubisho vya elfu tano. Ngozi ipake mafuta mazito mara baada ya kuoga, ikiwa bado na unyevu.

Hatua ya 7: Pesa

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, imechukua nafasi ya NHIF. Kujisajili ni kwa kupiga *147#. Kujisajili tu hukufungulia huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3. Kwa hospitali za juu lazima mchango uwe umelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu hali ya nyumbani, akapangiwa kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima. Jisajili ukiwa na nguvu, usingoje vidole vivimbe. Hospitalini uliza dawati la SHA kabla ya kipimo, si baada ya bili.

Gharama inayochosha ni nauli na vipimo vya damu kuliko vidonge vyenyewe. Omba kipimo kifanyike hospitali ya karibu na matokeo uyabebe. Omba dawa ya miezi miwili au mitatu damu ikishakuwa imara. Chama cha vijana au cha mama yako kinaweza kubeba mwaka wa SHA kwa mkopo mdogo. Hilo ni rahisi kuliko harambee ya dharura.

Hatua ya 8: Kazi na masomo

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Anayefanya kazi ya mikono shambani Naivasha au anayeendesha bodaboda aombe barua inayosema waziwazi asichoweza: kushika kwa nguvu, kusimama saa nyingi. Mwanafunzi wa Maseno, Egerton au Masinde Muliro aipeleke barua kwa ofisi ya masuala ya wanafunzi mwanzoni mwa muhula, siyo siku ya mtihani.

Ikiwa viungo vimekuzuia kwa muda mrefu, unaweza kuomba kutathminiwa na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Aliyesajiliwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Vijana wengi hukataa kwa sababu ya neno lenyewe. Naelewa, lakini ni haki iliyoko, nawe hupungui kwa kuichukua.

Hatua ya 9: Watu

Ugonjwa huu na huzuni huenda pamoja mara nyingi. Mtu akiacha kuvaa mikono mifupi, akiacha kwenda kinyozi, akimkwepa mpenzi wake gizani, hiyo nayo ni dalili, na itajwe kliniki kama uvimbe unavyotajwa. Usiku ukiwa mzito kupita kiasi, piga 1199, namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Mwambie mchumba mapema, kwa maneno mepesi: hauambukizi, nanywa dawa, asubuhi zangu ni za polepole. Tafuta wenzako pia. Kwenye benchi la kliniki ya ngozi yupo mtu mwenye kucha kama zako, badilishaneni namba. Tarehe 12 Oktoba ni siku ya baridi yabisi duniani na 29 Oktoba ni ya soriasisi. Uliza hospitali yako kama kuna mkutano. Kikundi cha watu watano wanaokumbushana siku ya methotreksati na kuambiana duka lililo na dawa kina faida kubwa.

Hatua ya 10: Ukihama

Vijana huhama: kutoka Kakamega kwenda Nakuru kwa kazi, kutoka Kisumu kwenda chuo Eldoret. Kabla ya kuondoka omba muhtasari wa matibabu wenye jina la ugonjwa, dawa na dozi, tarehe ulipoanza, matokeo ya mwisho ya damu na ini, na jibu la kifua kikuu. Piga picha kila karatasi na ujitumie kwa barua pepe, maana daftari hulowa na simu huibwa. Beba dawa za wiki sita, na weka miadi katika hospitali mpya kabla hazijaisha.